Mchezo wa Kompyuta Chekechea: Mtazame Mtoto Anapokosea

Kabla ya kumpa mtoto wa PP1 au PP2 (madarasa mawili ya chekechea nchini Kenya) mchezo wa kompyuta, ucheze wewe mwenyewe dakika tano, na ukosee makusudi. Gusa jibu baya uone. Skrini ikitoa mlio wa kuchekesha na katuni ikaanguka chali, mchezo huo unamtuza mtoto kwa kukosea, naye atakosea kwa bidii. Mchezo unaofaa hutulia, hurudia swali na kumwachia nafasi ya kujaribu tena. Usiwe na saa inayohesabu kushuka: mtoto wa miaka minne akiona muda unayoyoma huacha kufikiri, akabonyeza kila mahali.

Kisha sikiliza herufi. Michezo mingi ya simu huziita kwa majina ya Kiingereza. Mtoto wa Kondele au Luanda, magharibi mwa Kenya, akizoea kwamba E ni "ii" na I ni "ai", atakapokutana na neno "embe" atasoma "imbe", na mwalimu atadhani hasikii vizuri. Dawa ni rahisi: zima sauti ya mchezo, umtamkie wewe.

Kwa kompyuta za shule, GCompris ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni programu ya bure kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, ina michezo zaidi ya 100, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Wengi hukwama hapa: faili za sauti hupakuliwa kando. Fungua programu mara ya kwanza mahali penye intaneti, uchague lugha, usubiri sauti ziingie, ndipo uipeleke darasani. Katika mipangilio, weka ngazi za chini tu, na uchague herufi ndogo ikiwa darasani ndizo mnazofundisha. Kwa kuchora, Tux Paint, nayo ya bure, inatosha kabisa.

Usianze na hesabu. Anza na kipanya, kwani mtoto asiyekimudu huonekana hajui jibu kumbe mkono ndio haujui njia. Punguza kasi ya mshale, uukuze, kisha ubandike kistika kwenye kitufe cha kushoto. GCompris ina mchezo wa kufuta skrini kwa kusogeza kipanya tu hadi picha iliyofichwa ionekane. Baadaye kuna wa kubofya mara moja, halafu mara mbili. Fuata mpangilio huo. Kuburuta kitu huku kitufe kimebanwa ndiko kugumu zaidi: kidole huachia katikati ya njia, kitu kikarudi kilikotoka, mtoto akalia. Kuache hadi mwisho.

Hesabu ya skrini haisimami peke yake. Mtoto anaweza kugusa samaki watano huku sauti ikihesabu, asijue tano ni ngapi. Baada ya mchezo, mpe vifuniko vya soda umwambie, "Nipe vitatu." Akikujazia kiganja, rudi kwenye moja hadi tatu.

Watoto wawili au watatu kwa mashine moja wanafaa kuliko mmoja, kwa sababu hubishana kwa sauti na ubishi huo ndio unaowafunza lugha. Zamu iwe dakika 10. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni afadhali. Katuni za runinga nyumbani zimo ndani ya saa hiyohiyo.

Ikiwa ni simu ya mzazi, washa hali ya ndegeni ili matangazo yasiingie, kisha tumia kipengele cha kubandika programu ili mtoto asitoke mchezoni akaishia kwenye ujumbe wako wa M-Pesa. Na afute mikono kwanza: skrini yenye uji haisikii kidole, naye atazidi kubonyeza.