Prosesa ya laptopu ya gemu inapojibana: maana yake na namna ya kujua chanzo

Prosesa hujibana pale inapopunguza kasi yake yenyewe, bila mtumiaji kuiamuru, kwa sababu imegusa mpaka iliowekewa. Mpaka huo unaweza kuwa wa joto, wa umeme, au ishara iliyotoka sehemu nyingine ya mashine. Kujibana kwenyewe si ubovu, maana ndiko kunakoizuia prosesa isiungue na saketi zinazoilisha umeme zisilemewe. Ugumu ni kwamba vyanzo ni vitatu na dalili ni moja: gemu iliyokuwa inakwenda fremu 90 kwa sekunde inaporomoka hadi 40, inakwamakwama, halafu inarudi. Hapo ndipo hela zinapopotea. Mtu ananunua pesti (uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto ili kupitisha joto) na stendi yenye feni, kumbe tatizo ni chaja.

Kwanza tuondoe kisichokuwa tatizo. Chukua Core i7-9750H ya Intel, prosesa ya mwaka 2019 ambayo laptopu zake bado zinazunguka kwenye soko la mitumba. Tangazo linasema 4.5 GHz. Kasi hiyo hupatikana kiini kimoja tu, yaani kitengo kimoja cha ukokotoaji ndani ya prosesa, kikiwa kazini. Viini vyote sita vikishika kazi, kikomo ni 4.0 GHz, na kasi ya msingi ambayo Intel inaiahidi kwa wati 45 ni 2.6 GHz. Ukiona 3.2 GHz katikati ya kazi nzito, mashine iko sawa. Ikishuka chini ya 2.6 na kazi bado ni nzito, hapo kuna jambo. Kila prosesa ina namba zake, zitafute kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Mpaka wa umeme ndio unaowachanganya wengi. Prosesa za Intel zina vikomo viwili vya wati, PL1 na PL2. PL2 ni kikubwa na cha muda mfupi, mara nyingi sekunde 28 au 56. Muda ukiisha, prosesa inarudi kwenye PL1, kikomo kidogo cha kudumu. Ndiyo maana jaribio la dakika moja linaanza kwa kishindo kisha linapoa ghafla, ilhali joto ni nyuzi 75 tu. Hakuna kilichoharibika. Namba hizi hupangwa na mtengenezaji wa laptopu, na programu yake ya kuchagua hali tulivu, ya kati au ya nguvu huzibadilisha. Mtu anayecheza huku mashine iko kwenye hali tulivu amejibana mwenyewe.

Mpaka wa joto kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu ni nyuzi 100 za Selsiasi. Za AMD huwa kati ya 95 na 105 kutegemea toleo. Laptopu ya gemu kukaa kwenye 85 au 90 wakati wa kucheza ni kawaida yake, hata kama inatisha kuitazama. Kinachosahaulika ni kwamba mirija ya shaba inayobeba joto mara nyingi ni ya pamoja: prosesa na kadi ya michoro zinatumia mirija ileile na mapezi yaleyale, yaani vibati vyembamba ambavyo feni huvipulizia hewa. Kadi ikimwaga wati 100, prosesa inapata moto usio wake. Kwa hiyo jaribio linaloichosha prosesa peke yake linaweza kukuambia kila kitu ni salama, na gemu ikakukatalia. Joto la chumba nalo linahesabiwa, takriban nyuzi kwa nyuzi: mashine iliyo kwenye chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam inaanza nyuzi kumi karibu zaidi na mpaka kuliko ileile ikiwa kwenye nyuzi 22 Nairobi.

Chanzo cha tatu ni ishara iitwayo BD PROCHOT. Kwa kawaida prosesa ndiyo inayotangaza kwamba imepata moto. Njia hii inaruhusu sehemu nyingine ziiambie prosesa hivyo hivyo, na prosesa hutii bila kuuliza. Dalili yake haifichiki: kasi inaganda karibu na 0.8 GHz, joto liko 50, na hata kufungua folda kunachosha. Wahusika wa kawaida ni chaja isiyotambuliwa, betri iliyochoka, au kihisi kilichoharibika, hasa baada ya kumwagikiwa na kitu. Laptopu nyingi za Dell husoma utambulisho wa chaja kupitia pini nyembamba ya katikati. Pini ikipinda au chaja ikiwa ya kuigiza, mashine inawaka na taa inawaka, lakini kasi inakatwa. Chaja yenye wati pungufu inaleta maudhi yanayofanana. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 180 haitacheza gemu kwa ya wati 65, hata kama tundu linakubali.

Sasa kupima. Sakinisha HWiNFO64, programu inayosoma vihisi vya mashine, fungua sehemu ya vihisi pekee, kisha cheza gemu ile inayosumbua kwa dakika 20. Jaribio la dakika mbili halitoshi, shaba na mapezi vinahitaji muda kushiba joto. Tazama mistari minne: joto la prosesa, wati zake, kasi ya viini, na Thermal Throttling ambayo husema Yes au No kwa kila kiini. Kwa Intel, ongeza ThrottleStop, programu ya kuonyesha na kubadilisha mipaka ya prosesa, na ubonyeze kitufe cha Limits. Kisanduku chekundu kinamaanisha mpaka huo unabana sasa hivi. Cha njano, ulibana hapo nyuma. Ukiona THERMAL, ni joto la prosesa yenyewe. PL1 au PL2 ni wati. PROCHOT joto likiwa chini, nenda moja kwa moja kwenye chaja na betri.

Kama ni joto, anza na visivyogharimu. Weka kikomo cha fremu kwenye gemu, 60 au kile ambacho skrini yako inaonyesha. Prosesa na kadi zote mbili zinapumua. Inua nyuma ya laptopu sentimita mbili au tatu ili feni zivute hewa. Kitandani na juu ya zulia matundu yanazibwa. Njia nyingine iko kwenye Power Options za Windows: Maximum processor state ikiwekwa 99% badala ya 100%, prosesa nyingi za Intel zinaacha kupanda juu ya kasi ya msingi. Joto hushuka sana, lakini i7-9750H itabaki na 2.6 GHz, na gemu zinazoitegemea prosesa zitalalamika. Ni dawa ya muda.

Kupunguza volti ndiyo njia safi kuliko zote, pale inaporuhusiwa. Kasi inabaki, joto linapungua. Kwenye ThrottleStop anza na -50 mV (milivolti), kiini na kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) sawasawa, kisha teremka kwa kumikumi. Prosesa nyingi za kizazi cha i7-9750H huvumilia karibu -100. Ukizidisha, mashine inazima au inaleta skrini ya bluu, haiungui. Usiiruhusu programu ijiwashe pamoja na Windows kabla hujacheza siku kadhaa bila tatizo. Bahati mbaya, Desemba 2019 udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt ulitangazwa, na masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) yaliyofuata yalifunga mlango huu kwenye laptopu nyingi. Namba ikikataa kushika, ndio sababu.

Vumbi na pesti huja mwisho kwa sababu vinahitaji kufungua. Vumbi baya hujikusanya kama blanketi kati ya feni na mapezi, usipoliona kwa nje. Kupuliza kupitia matundu kunalisukuma ndani tu. Chomoa chaja, fungua kifuniko, chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kingine chochote, kisha toa feni. Ukipuliza, shika mapanga yasizunguke.

Kwa pesti, legeza skrubu za kipoza joto kwa mpangilio wa kinyume cha namba zilizoandikwa kando yake. Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani, silikoni iko wazi, kwa hiyo pesti ifunike uso wote, kona hadi kona, na usiikwangue kwa bisibisi. Pesti nyepesi husukumwa nje taratibu na kule kupanuka na kusinyaa kwa joto, na miezi michache baadaye uko palepale. Chagua nzito, au karatasi ya PTM7950 ya Honeywell ambayo hulainika karibu na nyuzi 45. Metali ya kimiminika, ambayo wengine huitumia badala ya pesti, tuiache: galiamu iliyomo inakula alumini na inapitisha umeme. Padi laini za kupitisha joto zilizo juu ya chipu za kumbukumbu zikiwa nzima ziache hapo zilipo. Ukiweka ya milimita 1.5 pahali pa 1, kipoza joto kinanyanyuka na hakigusi silikoni. Kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo. Baadaye, kiini kimoja kikiwa na joto nyuzi 15 juu ya wenzake, mkazo haukulingana; rudia.

Unapopima tena, usitazame joto peke yake. Prosesa ya laptopu hutumia nafasi yoyote inayopewa, kwa hiyo inaweza kubaki nyuzi 95 hata baada ya kazi nzuri. Linganisha wati. Kama zamani ilijibana ikiwa kwenye wati 35 na sasa inashikilia 45 kwa dakika 20 nzima, chumba kilekile na gemu ileile, pesti imefanya kazi yake.