Je, wajua kwa nini nyama ya kusaga hujaa maji kwenye kikaango?

Mlo wenyewe hauna mambo mengi. Nyama ya ng'ombe ya kusaga inakaangwa, inatiwa sosi ya samaki, ndimu, pilipili na nanaa kwa mtindo wa Thailand, kisha kila mtu anajifungia yake kwenye jani bichi la saladi na kula kwa mkono. Mapishi huahidi chakula mezani ndani ya dakika 20, na picha huonyesha nyama ya kahawia, chembechembe, iliyokauka vizuri kwenye kingo. Kwenye kikaango mambo huenda vingine. Nyama inachachatika kwa dakika moja hivi, mlio unapoa, maji ya kijivu yanajitokeza pembeni, na kabla hujamaliza kukatakata vitunguu nyama inatokota. Ulikusudia kukaanga, sasa unachemsha.

Lawama ya kwanza humwendea muuza nyama: ameitia maji ili ipate uzito. Kuna wakati ni kweli. Baadhi ya nyama za kiwandani hudungwa maji ya chumvi, na nyama iliyogandishwa polepole hutoa maji mengi inapoyeyuka kwa sababu chembe za barafu zimeshatoboa seli zake. Lakini nyama iliyochinjwa leo ikasagwa mbele ya macho yako nayo itatoa maji tu. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi ni maji kwa takriban asilimia 70, kwa hiyo nusu kilo uliyonunua ina zaidi ya theluthi moja ya lita. Ajabu ni kwamba kabla ya kuona moto maji yote hayo yametulia humo ndani, hayadondoki.

Yanashikiliwa na protini za misuli. Joto likikaribia nyuzi 50 za Selsiasi, protini iitwayo miosini huanza kubadilika umbo na kushikana. Likifika 60 na kitu, kolajeni, protini ya nyuzinyuzi inayoizunguka misuli, hujivuta na kubana, na maji yakikosa pa kukaa hutoka. Kwenye pande zima la nyama yana safari ndefu hadi nje. Kwenye nyama ya kusaga, mashine imeshakatakata misuli vipande vya milimita chache, na maji yana njia ya kutokea kila upande.

Hapa ndipo inapoingia imani ya pili, yenye heshima kubwa jikoni kuliko ile ya muuza nyama: kwamba ukianza na moto mkali, nyama inajifunga kwa nje na maji yanabaki ndani. Utaisikia kwa wapishi wa hotelini, kwa mama mkwe, na kwa watu wenye kofia nyeupe kwenye runinga. Ushauri unaotokana nayo si mbaya hata kidogo. Sababu inayotolewa ndiyo si ya kweli.

Imani hiyo ina mzazi anayejulikana. Mwaka 1847 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alichapisha utafiti wake juu ya nyama, na humo akaeleza kuwa joto kali la mwanzo hugandisha protini za juu na kutengeneza ganda lisilopitisha kitu. Liebig alikuwa miongoni mwa wakemia wakubwa wa karne yake, na wapishi wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kumbishia. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba jina lake hilohilo lilikuja kubandikwa kwenye dondoo ya nyama ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1865, bidhaa iliyotengenezwa kwa kuikamua nyama huo utomvu wake wote. Kiwanda kilikuwa Fray Bentos, nchini Uruguay, ambako ng'ombe walikuwa wengi na rahisi.

Dai la ganda unaweza kulipima mwenyewe kwa mizani. Pima kipande cha nyama kabla ya kukipika. Kimoja kipike kwa moto mkali mwanzoni, kingine kwa moto wa wastani, vyote vifikie joto lilelile katikati, kisha pima tena. Kilichounguzwa juu hupoteza uzito sawa na mwenzake, mara nyingine zaidi, kwa kuwa tabaka lake la nje limepikwa kupita kiasi. Usipokuwa na mizani, tumia masikio. Ule mlio wa kuchachatika ni maji yanayotoka kwenye nyama, kugusa chuma cha moto na kulipuka kuwa mvuke. Kama ganda lingekuwa limeziba kweli, kikaango kingenyamaza. Hakinyamazi. Na hata ukiondoa nyama na kuiweka kwenye sahani, baada ya dakika chache utaona maji mekundu yamejikusanya chini yake, yametoka kupitia "ganda" lenyewe.

Kwa nyama ya kusaga dai hilo ni gumu zaidi kulitetea. Pande la nyama lina pande sita za kuziba. Nusu kilo ya kusaga ina vipande visivyohesabika, kila kimoja kimekatwa ncha zote, na vingi havigusi kikaango hata kidogo mpaka uvigeuze.

Basi moto mkali wa nini? Aliyewahi kuwasha moto kwa kuni mbichi ana jibu. Kuni hizo zinafuka, zinalia, zinatoa povu kwenye ncha, na hazishiki. Moto unaouwekea chini si mdogo, ila wote unakwenda kufukuza maji. Ubao hauwezi kupata joto la kuwaka wakati bado umelowa, kwa sababu kila joto linaloingia linachukuliwa na maji na kupaa nayo kama mvuke. Ukiongeza kuni nyingine mbichi juu, umeongeza maji, na moto unazidi kuzimia. Ukiweka kijiti kimoja kwenye makaa mengi, kitafuka kidogo tu kisha kitawaka, maana maji yake ni machache mbele ya joto lililopo. Kuni ni zilezile. Kilichobadilika ni uwiano kati ya maji na moto.

Kikaango ni hivyohivyo, na hesabu yake si ngumu. Kupasha gramu 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji takriban kilojuli 33 (kilojuli ni kipimo cha nishati). Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 226 nyingine, karibu mara saba. Tuseme jiko lako linaingiza kilowati 1 kamili ndani ya kikaango. Ukishapata kidimbwi cha gramu 100, yaani kama nusu kikombe hivi, jiko litahitaji karibu dakika nne za kukausha maji tu, bila kufanya kazi nyingine yoyote. Na muda wote huo nyama iliyo ndani ya maji haitapita nyuzi 100, hata ufungue gesi mpaka mwisho. Ukiwa juu milimani haitafika hata 100.

Nyuzi 100 zinatosha kuivisha nyama, lakini kwa rangi na harufu ya kukaangwa ni chache. Vitu hivyo huletwa na mmenyuko aliouelezea Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912: sukari na asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, zikipashwa joto pamoja huungana, huvunjika, na kuzaa mamia ya kemikali za rangi na harufu. Kwenye upishi wa haraka huanza kuonekana vizuri karibu na nyuzi 140. Namba hiyo isichukuliwe kama lango linalofunguka ghafla. Supu ya mifupa ikichemka saa nyingi nayo hugeuka rangi, bila kupita nyuzi 100, kwa mmenyuko huohuo ukienda polepole. Kwa mtu mwenye dakika 20, polepole ni sawa na haupo.

Kwa hiyo ukitaka nyama ya kahawia, shughulikia ule uwiano. Kikaango kipana na kizito, kipashwe kabla ya mafuta. Nyama nusu kwa nusu, awamu mbili, badala ya kuimwaga yote. Kuna mbinu inayokwenda kinyume na silika ya mkono: usiikoroge. Ibandike nyama kama chapati moja pana, iache hadi upande wa chini ushike rangi, ndipo uibomoe kwa mwiko. Upande mmoja wenye rangi nzuri unatosha kuipa ladha sahani nzima. Wa juu ukibaki wa kijivu hakuna atakayejua. Na kama maji yameshajaa, usifunike wala usikate tamaa. Endelea na moto, sikiliza. Mlio wa maji ni mzito, unabubujika. Maji yakiisha unabadilika kuwa mwepesi na mkavu, kwa sababu kilichobaki ni mafuta, na mafuta hayana mpaka wa nyuzi 100. Ndani ya dakika moja au mbili tangu mlio ubadilike, rangi inakuja.

Wengine hutia beking soda, robo kijiko cha chai kilichoyeyushwa kwenye maji kidogo kwa nusu kilo ya nyama, na kuiacha dakika 15 kabla ya kukaanga. Inasaidia kwa njia mbili: inapunguza asidi ya nyama, protini zikawa zinashika maji vizuri zaidi, na papo hapo inaharakisha mmenyuko wa Maillard. Ikizidi, chakula kinaonja sabuni, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Baada ya jasho lote hilo, kuna jambo ambalo picha za mapishi hazisemi. Sahani ya nyama ya kusaga, ndimu na majani mabichi ambayo milo hii huiga ni larb, chakula cha Laos na cha Isan, eneo la kaskazini-mashariki mwa Thailand. Na kwenye larb ya kawaida nyama haikaangwi. Inatiwa sufuriani na maji au supu kidogo, bila mafuta, inakorogwa hadi inaiva tu, kisha inaepuliwa. Ni ya kijivu, na inatakiwa kuwa ya kijivu. (Iko pia larb ya nyama mbichi, lakini nyama ya duka iliyosagwa si ya kuchezea: Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri ifike nyuzi 71, kwa kuwa kusaga huingiza bakteria wa juu hadi katikati.) Mpishi wa Isan akiona kidimbwi chako angeuliza tatizo liko wapi.

Harufu ya kuchoma anaipata kwingine, kwenye mchele. Mchele mbichi, aghalabu ule wa kunata, unakaangwa mkavu kwenye kikaango bila tone la mafuta, moto wa wastani, ukikorogwa dakika 10 hadi 15. Kwanza punje zinakuwa nyeupe kama chaki, kisha manjano, kisha hudhurungi, na jikoni kunanukia bisi. Ukipoa unatwangwa kwenye kinu hadi uwe unga wenye chenga. Mchele mkavu una maji kama asilimia 13 tu, kwa hiyo haukai muda mrefu kwenye kikwazo cha nyuzi 100. Unakipita na kwenda moja kwa moja kwenye rangi. Kazi ambayo nyama ilishindwa kwa sababu ya maji inafanywa na kitu kisicho na maji.

Unga huo ukinyunyizwa kwenye nyama, kijiko kimoja au viwili vya chakula, unanyonya maji yaliyotoka na kuyafanya mazito. Yale maji ya kijivu yaliyokuudhi yanageuka kuwa mchuzi unaoshikamana na nyama, na ukiyamwaga umemwaga ladha.

Mpangilio wa viungo nao unafuata maji na asidi. Sosi ya samaki, ambayo ni samaki wadogo jamii ya dagaa waliovundikwa na chumvi kwa miezi mingi, inaingia mwishoni. Ukiitia mapema unaongeza maji kwenye kikaango, na chumvi yake ikikandwa na nyama mbichi huifanya ishikane kama soseji. Sukari, kama unaitumia, nayo ingoje, maana huungua upesi kuliko nyama. Ndimu inakamuliwa moto ukiwa umezimwa. Asidi hupunguza kasi ya mmenyuko wa Maillard na kuzifanya protini ziachie maji zaidi, yaani inafanya kinyume cha beking soda. Na harufu yake mbichi hupaa na mvuke mara moja. Vitunguu vidogo vyekundu, pilipili iliyokaushwa na nanaa vinafuata bila kupikwa.

Iache nyama ipoe dakika tano hivi kabla ya kufunga. Jani la saladi ni maji kwa asilimia 95, na nyama ya moto mkali hulilegeza likachanika mkononi. Ulioshe mapema na kulifuta kila moja kwa kitambaa: jani lililolowa hufanya sosi iteleze na kuishia kwenye kiwiko.