"Dokta, tunaomba mzee asijue": dhana potofu zinazotukwamisha wodini

Juzi tena nimevutwa koridoni. Kijana wa makamo, ndugu zake kawaacha kwenye benchi nje ya wodi, kanisogeza mpaka dirishani, anaongea kwa sauti ya chini: "Dokta, majibu ya kile kinyama mlichomkata kupima yakitoka tunaomba utuambie sisi, mzee asijue, akijua tu amekwisha." Nimefanya kazi Dodoma hii zaidi ya miaka kumi na ombi hilo nimelisikia kwa watu wa Chamwino, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, kwa mkulima wa zabibu na kwa mtu wa wizarani mwenye digrii mbili, maneno yale yale. Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja kwa hiyo leo naandika, na hili ndo nitalisema kwa kirefu, mengine nitayapitia haraka.

Watu wanaamini mgonjwa akiambiwa ana kansa anakata tamaa na anakufa mapema, kwa hiyo wapewe ndugu majibu na ndugu ndo waamue apelekwe Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, au arudishwe kijijini.

Jamani, majibu ni ya mgonjwa. Sio ya mtoto mkubwa, sio ya shemeji aliyelipia kipimo, sio ya baba mdogo anayepiga simu toka Dar kila baada ya nusu saa. Mtu mzima mwenye akili timamu ndo mwenye habari za mwili wake, ndugu tunawaeleza yeye akiridhia. Na hapa watu wananielewa vibaya, wanadhani namtenga mgonjwa na familia yake, hapana, mimi nataka familia ikae pale pale kitandani, nachokataa ni familia kukaa mbele ya mgonjwa ikimzuia asione.

Kwa nini nina hasira na hili jambo? Kwa sababu nililifanya mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi, hospitali nyingine sio niliyopo sasa, tulimpokea mzee toka vijiji vya upande wa Bahi. Alianza kwa ugali wa uwele kukwama, hata ukiwa na mlenda wa kutosha, akahamia kwenye uji, mpaka anafika kwetu hata maji anayameza kwa kuyasubiri, anakunywa funda moja, ananyamaza, anaweka mkono kifuani mpaka lipite. Kamera ikaingizwa, kinyama kikachukuliwa, majibu kansa ya koo la chakula, imeshasambaa. Watoto wakatuomba tumwambie ni vidonda, bosi wangu akakubali, na mimi nikakubali. Kila asubuhi kwenye raundi mzee ananiuliza "mjukuu wangu, hivi vidonda mbona haviponi?" na mimi naangalia faili.

Sasa ona kilichofuata. Tulitaka kumwekea mpira wa kulishia tumboni maana alikuwa anakufa kwa njaa, akakataa. Na alikataa kwa akili kabisa, akasema vidonda vinapona kwa dawa, kwa nini mnitoboe tumbo? Kwa taarifa alizokuwa nazo alikuwa sahihi, sisi ndo tulimpa taarifa za uongo halafu tukamshangaa kwa nini anaamua vibaya. Mtu hawezi kukubali wala kukataa matibabu ya ugonjwa ambao hajui anao, hiyo ridhaa haina maana hata akiweka dole gumba kwenye fomu mara tatu. Aliendelea kupanga kurudi kulima mvua za Disemba zikianza. Alifariki Novemba.

Miezi kadhaa baadaye kijana wake alikuja kuniona. Mzee alikuwa na ng'ombe kumi na moja aliowakabidhi watu vijiji vingine wamchungie, kama wanavyofanya wafugaji wengi huku, hamna maandishi, anajua yeye na aliyepokea. Alijiona ni mtu wa kupona kwa hiyo hakumwambia mtu. Waliopatikana ni wanne. Wengine waliokuwa nao wakasema hao ng'ombe ni wao, kesi ikafika baraza la kata, na mjane ndo aliyekuwa anatembea kwa miguu kutafuta mashahidi. Yule kijana hakuja kunilaumu, aliniuliza tu kama baba yake aliwahi kutaja majina wodini. Hakutaja, na hakuna aliyempa sababu ya kuyataja.

Kwa hiyo ukiniambia tunamficha kwa upendo nakuelewa, upendo huo nimeuona, lakini matokeo yake nimeyaona pia.

Halafu wagonjwa wengi wanajua. Mtu kapungua mpaka mkanda unazunguka mara mbili, ndugu wa Singida na Morogoro wote wamekuja ndani ya wiki moja, wakiingia wanacheka kwa nguvu, wakitoka nje macho mekundu, unadhani haoni? Anajua ila anabaki nalo peke yake usiku, na nyie mnabaki nalo peke yenu nje, kila mmoja anamlinda mwenzake. Mama mmoja nilipokaa nimweleze alinishika mkono akasema, "asante, sasa naweza kuongea na wanangu." Alikuwa anaigiza kwa wiki tatu.

Wengine wananiambia kumwambia mgonjwa ni mila za wazungu. Sio kweli, kuficha hakukuwa kwetu peke yetu. Madaktari wa Chicago walipoulizwa mwaka 1961, karibu 90 kati ya 100 walisema kwa kawaida hawamwambii mgonjwa kwamba ana kansa. Swali lile lile likarudiwa kwa madaktari wa Marekani 1979, 97 kati ya 100 wakasema wanamwambia. Miaka 18 tu. Tiba zilikuwa zimeongezeka, na ukitaka mtu avumilie mionzi na dawa za kutapisha lazima ajue anavumilia nini. Hata kile kiapo cha madaktari cha Geneva cha 1948 kiliongezewa mwaka 2017 maneno ya kuheshimu uamuzi na utu wa mgonjwa.

Kumwambia sio kumrushia neno "kansa" ukiwa umesimama mlangoni na wanafunzi kumi nyuma yako. Wapo madaktari wenzangu wanaofanya hivyo na ndo wanaowapa ndugu sababu ya kuogopa, hilo nalisema wazi. Mimi nakaa chini, navuta pazia, naanza kwa kuuliza: "mzee, mpaka sasa umeelewaje ugonjwa wako?" Halafu: "majibu yapo, ungependa nikueleze wewe mwenyewe au nimweleze mtu unayemwamini?" Hilo swali la pili ndo ufunguo. Wapo wanaosema "mwambie mwanangu wa kike, mimi nitibuni tu", na hiyo ni haki yake pia, kutotaka kujua ni uamuzi wake, tofauti ni kwamba ameamua yeye, sio nyie kumwamulia nyuma ya mlango. Na sitoi idadi ya miezi kama tarehe ya kikao. Nasema kama ni siku, ni wiki au ni miezi, na nasema naweza kukosea.

Ushauri wangu, naurudia kwa kila familia: chagueni msemaji mmoja wa kuongea na daktari, na wewe ambaye ni mzima leo waambie watu wawili nani akusemee siku ukiwa hujitambui. Wawili, maana mmoja anaweza kuwa safarini.

Haya, mengine.

"Nikisaini fomu daktari akikosea siwezi kudai." Hapana. Fomu inasema umeelezwa na umekubali upasuaji na hatari zake za kawaida. Uzembe haumo humo. Baraza la Madaktari Tanganyika lipo na linapokea malalamiko, na kama hukuelezwa kitu usisaini, uliza, hata kama nesi ana haraka.

"Morfini ni ya kumuagia mgonjwa." Hili nalo linatesa watu bila sababu. Morfini ni dawa ya maumivu makali, ya maji inapewa kila baada ya masaa manne, tunaanza na dozi ndogo na kupandisha kulingana na maumivu. Inafunga choo, kwa hiyo tunaongeza dawa ya kulainisha. Mtu anaipata leo na anaishi nayo muda mrefu, analala, anakula, anaongea na wajukuu. Anayelia usiku kucha kwa sababu shangazi kamwaga chupa hajaokolewa na kitu chochote.

"Msipoweka mashine mmemuua." Kuna kuua na kuna kuacha tiba ambayo haimsaidii tena, hivyo ni vitu viwili. Kumchoma mtu dawa ili afe hairuhusiwi nchini kwetu na sitafanya. Lakini kumbonyeza kifua mzee ambaye kansa imemaliza mapafu, mbavu zinavunjika na moyo haurudi, hiyo sio huduma. Tukiacha mashine hatuachi mgonjwa, maumivu tunatibu, mdomo tunalowesha, tupo.

"Nipe majibu ya VVU ya mke wangu, mimi ndo mume." Siwezi. Majibu hayo ni siri ya aliyepima. Njooni wote wawili mpime na mpewe majibu pamoja, hapo nitakaa nanyi hata saa nzima. Na tangu 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri saini ya mzazi.

"Mtoto ni wangu, nikikataa damu nimekataa." Wewe mtu mzima ukikataa damu kwa imani yako nitaheshimu, hata kama roho inaniuma. Mtoto wa miaka miwili mwenye malaria kali, wingi wa damu umeshuka mpaka 3, anapumua kwa mbavu, hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matibabu, na degedege lake halisubiri umpeleke kwanza kwa mganga kisha umrudishe jioni. Hapo nitaita ustawi wa jamii huku damu ikitundikwa.

"Bila PF3 hawakushiki." Hiyo karatasi ni ya polisi na ushahidi, haizuii damu kutoka. Majeruhi wa hali ya dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata, ukiambiwa vinginevyo getini muulizie daktari wa zamu.

Na "mume ndo anasaini operesheni ya mke". Mama ana miaka 24, akili zake timamu, uchungu umekaa tangu jana, mapigo ya mtoto yameshuka mpaka 90, mume yuko machimboni simu haipatikani na mama mkwe anasema tusubiri aruhusu mwenyewe. Mume akipatikana anaelezwa, tunamheshimu, lakini anayeulizwa ni huyu mama aliyelala hapa, akikubali anasaini yeye na tunaingia chumba cha upasuaji.