Oveni ya Umeme Isiyopata Moto: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana inayowagharimu watu fedha nyingi kuliko nyingine zote kuhusu oveni ya umeme ni hii: kwamba taa ya ndani ikiwaka na feni ikizunguka, basi umeme unafika kila mahali, na kwa hiyo moto ukikosekana ni lazima koili, yaani sehemu inayotoa joto, iwe imeungua. Ukweli ni kwamba taa ile hutumia wati 15 hadi 25 tu, tena kwa kawaida hupata umeme kwa njia yake yenyewe, bila kupitia thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la oveni. Koili, ambayo mafundi wengi huiita elementi, huhitaji wati 1,000 hadi 2,000 na zaidi, na kabla umeme haujaifikia hupita kwenye swichi ya kuchagulia moto wa juu au wa chini, kisha kwenye thamostati, kwenye kifaa cha usalama kinachokata umeme joto likipita kiasi, na katika oveni nyingi kwenye saa au swichi ya muda. Kimoja tu kati ya hivyo kikikata njia, taa itaendelea kuwaka na keki itabaki mbichi.

Saa ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza, hasa katika nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara. Wengi huichukulia kuwa pambo la kuonyesha wakati, kumbe ndiyo inayotoa ruhusa. Katika oveni nyingi zenye saa ya tarakimu, umeme ukikatika na kurudi, tarakimu hubaki zikiwakawaka na oveni hukataa kupata moto mpaka saa irekebishwe, au mpaka ubonyeze kitufe chenye alama ya mkono ili iache kusubiri muda uliopangwa. Kwa zile zenye swichi ya muda ya kuzungusha, mshale ukiwa kwenye sufuri umeme hauendi kwenye koili hata ukiweka thamostati kwenye nyuzi 250. Ni lazima uzungushe hadi dakika unazotaka, au uupeleke mshale kwenye alama ya mkono, ambayo maana yake ni kupika bila kuhesabiwa muda. Inaumiza kuona mtu amekodi gari, amebeba jiko zima hadi kwa fundi na kuahirisha oda ya keki ya harusi, kisha ikaonekana kwamba kilichohitajika ni kuzungusha swichi hiyo.

Wapo pia wanaoamini kwamba taa ndogo ya thamostati ikizimika katikati ya mapishi, oveni imeharibika. Taa hiyo huzimika kwa sababu joto limefikia kiwango ulichochagua, na itawaka tena joto likishuka. Ndivyo thamostati inavyofanya kazi. Vilevile, koili kutoonekana nyekundu si dalili ya ubovu, kwa kuwa koili ya chini mara nyingi imefichwa chini ya bati la sakafu ya oveni, na ile ya mviringo inayozunguka feni iko nyuma ya bati la ukuta.

Oveni inayopata moto kidogo ni kisa kingine, na hapa lawama nyingi huiangukia thamostati bila haki. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, na Kenya ni volti 240, lakini saa za jioni, watu wengi wanapopika kwa pamoja, katika mitaa mingine hushuka sana. Watu hufikiri kwamba volti zikipungua kidogo, moto nao utapungua kidogo vivyo hivyo. Sivyo, kwa sababu nguvu ya koili hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe: koili ya wati 2,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipata volti 180, hutoa takriban wati 1,225 tu. Volti zimepungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, ilhali moto umepungua karibu mara mbili ya hapo, yaani kwa asilimia 39. Kabla ya kununua thamostati mpya, jaribu oveni hiyohiyo saa nne asubuhi. Ikipika vizuri wakati huo na kushindwa saa moja jioni, ubovu hauko ndani ya oveni.

Kuhusu plagi, inasemwa kwamba maadamu inaingia kwenye soketi, jiko litafanya kazi. Plagi ya kawaida ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampia 13, ambayo kwa volti 230 huruhusu wati 2,990 hivi. Jiko lenye oveni ya wati 2,000 na sahani moja ya umeme ya wati 1,500 tayari limevuka kiasi hicho, na likitumika lote kwa pamoja fyuzi inaweza kuungua au plagi kuyeyuka. Jiko la namna hiyo linahitaji waya wake mnene kutoka kwenye breka yake peke yake. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona fyuzi zilizofungwa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara: moto utakaopatikana kwa njia hiyo unaweza kuwa moto wa nyumba. Ni vivyo hivyo kwa kile kifaa cha kukata joto likizidi. Kuunganisha waya zake moja kwa moja ili oveni iwake si matengenezo.

Sasa turudi kwenye koili yenyewe. Inasadikika kwamba koili isiyo na alama ya kupasuka ni nzima, lakini waya wa nikromu ulio ndani ya bomba la chuma unaweza kukatika bila nje kuonekana lolote. Kipimo ndicho kinachotoa jibu. Zima umeme kwenye breka kuu, si kwenye swichi ya oveni pekee, kwa kuwa swichi nyingi za oveni hukata waya mmoja tu na ule mwingine unaweza kubaki na umeme. Chomoa waya kwenye ncha za koili, kisha pima ukinzani wake kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: koili nzima ya wati 2,000 itasoma karibu omu 26, na ya wati 1,000 karibu omu 53. Isiposoma kitu, imekatika, na hakuna namna ya kuiunga.

Kwa walio pwani, kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Oveni iliyokaa miezi bila kutumika, ikiwashwa, huangusha breka ya kuzuia umeme kuvuja, ile inayokata kwenye miliampia 30, na watu huhitimisha kwamba koili imekufa. Ndani ya bomba la koili waya umezungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesi, na unga huo hunyonya unyevu wa hewa kupitia ncha za koili. Multimita inaweza isione uvujaji huo, ndiyo maana fundi mwangalifu hutumia mega ya volti 500, kifaa cha kupima uvujaji kwa volti kubwa, kupima kati ya ncha ya koili na bomba lake. Kama ni unyevu tu, koili hufunguliwa na kukaushwa taratibu kwa joto, kisha hupimwa tena. Kama bomba limetoboka, inanunuliwa mpya, ikilinganishwa na ya zamani kwa wati, kwa umbo na kwa nafasi kati ya matundu ya skrubu.