Chura wa Kihansi na Manyunyu Yake

Maji ya masika yakituama katikati ya mawe ya Bwiru na Igogo, hazipiti siku nyingi madimbwi yanajaa viluwiluwi, na watoto wanaotutembelea katika taasisi yetu hapa Mwanza huamini kwamba kila chura huanza maisha hivyo. Chura wa Kihansi ni tofauti. Jike wake hubeba mimba na kuzaa vitoto vyenye umbo kamili la chura, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 5 hivi, yaani kifupi kuliko punje ya mchele. Naye mama mwenyewe, mwenye rangi ya manjano ya dhahabu, hafikii sentimita 3.

Chura huyu, aliyegunduliwa mwaka 1996, hana makazi mengine ya asili duniani isipokuwa korongo la Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Wengi husema anaishi mtoni, na hapo ndipo wanapokosea. Yeye huishi kando ya maporomoko, mahali ambapo maji yaliyopiga miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana, yakalowesha majani na mawe katika eneo lisilofika hekta 2. Ngozi ya chura ni nyembamba, tena hupitisha maji na hewa, kwa hiyo kiumbe aliyezoea unyevu usiokatika hudhurika upesi unapopungua.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji, takriban asilimia 90, ilielekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, ambayo umeme wake huingia katika gridi ya taifa inayotuhudumia hata sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mto haukukauka, ila manyunyu yalififia. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa kuyafidia, na vyura 499 walikuwa wamekwisha kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, wakatunzwe na kuzalishwa. Ilikuwa busara kubwa, kwani mwaka 2003 idadi ya waliobaki korongoni iliporomoka ghafla, wakati ambapo ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulikuwa umeingia, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wazao wa wale 499 walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Kuvu hiyo huenea kwa maji, kwa tope la viatu na kwa vyura wenyewe wanaohamishwa. Ndiyo maana tunawaomba watoto wanaochota viluwiluwi kwa makopo wavirudishe katika dimbwi lile lile walikovitoa.