Ukanda mweusi kwenye picha si ubovu wa flashi

Nimechoka kuletewa flashi nzima nizitengeneze. Mteja ananionyesha picha ya kanisani: mwanga umempata bibi harusi kifuani hadi kiunoni, uso wote uko gizani. Anataka nibadilishe taa, au nimuuzie triga mpya, kile kifaa cha kuamrisha flashi iwake. Nikifungua menyu ya kamera yake, nakuta shata ya kimya, ile ya kielektroniki isiyotumia pazia, imewashwa ili asiwasumbue waumini. Kamera nyingi huizuia flashi ukiwa humo. Zisizoizuia ndizo zinazonijazia meza.

Flashi imewaka sawasawa. Sensa, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, nyingi ni za aina ya CMOS, na kwa shata ya kimya zinasomwa mstari baada ya mstari, juu kwenda chini. Ukiweka kasi ya shata 1/200, kila mstari unapokea mwanga kwa 1/200 ya sekunde, lakini mistari haifunguki pamoja. Chukua kamera inayohitaji 1/30 kumaliza sensa nzima, yaani milisekunde 33 hivi. 1/200 ni milisekunde 5. Flashi inawaka kufumba na kufumbua, na muda huo mistari iliyo wazi ni kama sehemu moja ya saba ya picha. Iliyobaki haijaona flashi kabisa.

Ndiyo maana ushauri wa "ongeza kasi ya shata" unaniudhi. Ukienda 1/500, ukanda wenye mwanga unazidi kuwa mwembamba. Ukiongeza nguvu ya flashi, unazidi kung'aa na giza linabaki palepale. Rudi kwenye shata ya pazia, ile yenye pazia zinazopita mbele ya sensa, weka 1/160. Nasema 1/160 hata kama kitabu cha kamera kinaruhusu 1/200, kwa sababu triga za bei nafuu huchelewa kidogo na pazia huanza kula ukingo wa picha.

Wateja huniambia mengi. "Kamera ya bei haina shida hiyo." Bei haisomi sensa. Nikon Z9 haina pazia kabisa na inapiga na flashi kwa 1/200, kwa kuwa sensa yake inasoma haraka mno. Sony A9 III, iliyotangazwa 2023, inafungua sensa yote kwa pamoja, hivyo inafika hata 1/80000. Ila kwa kasi hiyo shata inafunga kabla flashi haijamaliza kuwaka, na mwanga unapungua.

"HSS inaongeza nguvu." Hiyo ni njia ya kutumia flashi kwa kasi kubwa ya shata, na nguvu inaipunguza, tena sana. Flashi inapigapiga mfululizo wakati pazia zinapita, na mwanga mwingi unaishia kwenye pazia.

"Video yangu ina fremu nusu nyeupe, kamera imeharibika." Ni flashi ya mpigapicha mwenzako. Elewaneni kabla ya sherehe, mtumie taa za LED zinazowaka muda wote.

Vimistari vingi kwenye picha za ukumbini navyo havitokani na flashi. Umeme wetu ni Hz 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka 1/100 au 1/50. Taa za rangi za jukwaani zina mapigo yao tofauti, kwa hizo jaribu shata ya pazia kwanza.