Zitazame kwa miaka yake: Sembène, kutoka mkokoteni hadi rundo la redio

Nilianza vibaya. Filamu yangu ya kwanza ya Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, ilikuwa Moolaadé ya 2004, ambayo kwake ndiyo ya mwisho. Kisha nikarukia Xala kwa kuwa niliambiwa inachekesha, kisha yoyote iliyopatikana, na nikajiona namjua mzee. Masika iliyopita, kazi zilipopungua, nikaanza upya kuanzia 1963, moja kila Ijumaa usiku, bila kuruka. Mimi ni mhariri wa sauti, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayetazama filamu kwa masikio.

Borom Sarret ina dakika kama 20 tu. Sembène alikuwa na miaka 40, ameshamwaga jasho kwenye ujenzi, jeshini kwa Wafaransa na ukuli wa bandarini Marseille, ameshaandika riwaya, na ametoka kusomea sinema Moscow. Mwenye mkokoteni wa farasi anahangaika kutwa nzima Dakar. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto wake. Makaburini baba anakataliwa kwa sababu karatasi hazijakamilika, na mwenye mkokoteni anailaza maiti chini na kwenda zake. Baadaye mteja mmoja anamponza aingie Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni ni marufuku. Polisi anamsimamisha. Nishani yake ya vita inadondoka, na anapoinyooshea mkono, kiatu cha polisi kinaikanyaga.

Zamani niliichukulia kama zoezi la mwanafunzi. Sauti imebandikwa juu ya picha, na huyu mtu wa Dakar anawaza kwa Kifaransa. Safari hii nilirudisha nyuma pale penye nishani mara tatu, nikaiandika kwenye daftari pamoja na maiti na karatasi. Nilihisi mzee ameyaacha mambo hayo kama mtu anayekopa dukani: atarudi kuyalipa.

Deni la kwanza lilikuwa la sauti. Katika La Noire de... ya 1966, Diouana, msichana wa Dakar anayegeuzwa mtumwa wa jikoni kule Antibes, Ufaransa, anaigizwa na Mbissine Thérèse Diop, lakini sauti inayowaza kichwani mwake ni ya Toto Bissainthe, mwanamke wa Haiti, kwa Kifaransa. Sisi tuliokulia kwenye kibanda umiza, DJ akimsemea shujaa wa Kihindi kwa Kiswahili, hatushangai sauti ya mtu kutoka kwa mtu mwingine. Ila hapa inauma, maana Diouana karibu hasemi kitu mbele ya waajiri wake. Hata mawazo yake ameazimwa.

Miaka miwili baadaye inakuja Mandabi, na mnasikia Kiwolof, lugha ya Wasenegali wenyewe. Waliipiga kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiwolof. Tafuteni ya Kiwolof. Ibrahima Dieng anatumiwa na mpwa wake aliyeko Paris hawala ya posta ya faranga 25,000, na zilizo zake mwenyewe humo ni 2,000 tu. Ili aichukue anatakiwa kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Na kadhalika, mpaka wajanja wammalize. Ni karatasi zilezile za makaburini, sasa zimepewa filamu nzima. Mzee mwenyewe anatokea pale posta akiwa mwandishi wa barua za watu, kazi aliyoifanya pia mbele ya kamera katika La Noire de... Ukizitazama ovyo ovyo, hilo hulioni.

Nishani nayo ikarudi. Emitaï ya 1971 inaonyesha kijiji cha kabila la Wajola, Casamance, kusini mwa Senegal, ambako wanajeshi wa Ufaransa wanachukua vijana kwa ajili ya vita, kisha wanadai mpunga. Mwishoni skrini inakuwa nyeusi, na risasi tunazisikia tu. Mimi ningekuwa na woga wa kukata hivyo. Baada ya Xala, Ceddo ikafuata mwaka 1977, ikafungiwa Senegal, huku serikali iking'ang'ania jina liandikwe kwa d moja na yeye akikataa. Halafu kimya cha miaka 11. Ijumaa iliyofuata sikuweka filamu yoyote, makusudi, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Camp de Thiaroye, aliyoitengeneza na Thierno Faty Sow mwaka 1988, inahusu wanajeshi wa Kiafrika waliorudi vitani wakadai mishahara yao, wakauawa na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944. Safari hii haifichi picha. Vifaru vinaingia usiku, na unaviona. Baada ya miaka 25, nilijua aliyekanyagiwa nishani alikuwa nani.

Guelwaar, 1992: maiti ya Mkatoliki inazikwa makaburi ya Waislamu kwa kosa la karatasi. Nilicheka peke yangu sebuleni. Faat Kiné niliipita haraka, samahani kwa wanaoipenda.

Nikarudi Moolaadé, mahali nilipoanzia. Wanaume wa kijiji wanawanyang'anya wanawake redio zao na kuzirundika mbele ya msikiti wazichome moto. Mara ya kwanza niliona moshi tu. Safari hii nilivaa vipokea sauti vya kichwani: kabla moto haujashika, rundo bado linaongea.